Hina kwa Mkono wa Kushoto

Bega langu la kuume lilishikana nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu. Vita vilikuwa vimekwisha na meli za abiria zilikuwa zimeanza kuja tena Mombasa. Nasema lilishikana kwa sababu sina neno jingine. Halikuvunjika, halikuteguka, halikuvimba. Asubuhi moja nilinyoosha mkono kutungua buibui langu kwenye chango ukutani. Mkono ukafika usawa wa kifua, ukakataa kupanda. Nikaulazimisha. Maumivu yaliyonipata yalinikalisha sakafuni, na mama akanikuta pale nimeushika mkono wangu kwa mkono wa pili.

"Umeulalia vibaya," akasema.

"Labda," nikajibu, ingawa nilijua si kulala. Bega lilikuwa likiniuma kwa miezi miwili, na kwa miezi miwili nilikuwa nimenyamaza.

Nilinyamaza kwa sababu tayari nilikuwa na ugonjwa mmoja na sikutaka watu wanipe wa pili. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili nilishikwa na sukari, ile inayowapata watoto na kuwakausha kwa muda wa wiki chache. Nilikuwa nikinywa maji hata mama akadhani mtungi umetoboka. Baba, aliyekuwa karani katika bohari moja kule Mbaraki, alinibeba mgongoni mpaka hospitali. Daktari akamwambia mbele yangu kwamba nitaishi kwa muda ule nitakaopata dawa ya sindano, na dawa ikikosekana asinitarajie.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliposikia kwamba dawa ile hutolewa kwa ng'ombe au kwa nguruwe, na kwamba hakuna awezaye kuitazama chupa akajua, alisema ni heri nife Muislamu. Baba akaenda kumuuliza shekhe wa mtaa wetu. Aliporudi alivua kofia, akaiweka juu ya meza, akasema, "Ni dharura. Mtoto atapigwa sindano." Maneno yakaishia hapo. Ila shangazi tangu siku ile aliniangalia kama mtu aliyekopeshwa uhai na nguruwe.

Basi nikawa mtu wa sindano. Asubuhi na jioni, bomba la kioo na sindano yake zilichemshwa katika kisufuria kisichotumika kwa kitu kingine. Chupa ya dawa ilikaa ndani ya kitambaa kibichi kando ya mtungi, mahali penye baridi kuliko pote nyumbani. Kila kulipokucha nilichemsha matone ya mkojo wangu pamoja na dawa ya maji ya buluu katika kichupa chembamba. Yakibaki buluu, nilikuwa salama. Yakigeuka rangi ya tofali, nilijua sukari imepanda, na siku ile nitaibeba mwenyewe.

Watu wa mtaa walisema sitafika kuvunja ungo. Nikavunja ungo. Wakasema sitafika miaka ishirini. Nikafika, na Idi ya mwaka ule nilivaa nguo mpya nikaenda kuwapa mkono mmoja mmoja majumbani kwao, wote niliojua wamesema.

Kazi yangu ilikuwa kupaka hina maharusi. Niliirithi kwa bibi yangu, mama yake mama, ambaye kwa miaka mingi hapakuwa na arusi kubwa Mji wa Kale bila yeye kukaa miguuni pa biharusi. Alinifundisha kutwanga majani, kuyachekecha kwa kitambaa cha melimeli mpaka unga uwe laini, kuukoroga kwa maji ya ndimu na kuuacha ulale, na kuchora kwa njiti ya ukuti iliyochongwa ncha. Alipofariki nilikuwa na miaka kumi na tisa. Wateja wake wakaja kwangu, wengine kwa mapenzi, wengine kwa mazoea. Baba naye alifariki wakati wa vita, tukabaki nyumbani mimi na mama. Hakuna aliyekuja kuniposa, kwani nani angeposa msichana wa sindano. Lakini katika nyumba za watu nilikuwa naitwa fundi, na neno hilo lilinitosha zaidi ya walivyodhani.

Kabla ya bega, vidole ndivyo vilivyotangulia. Kidole cha pete cha mkono wa kuume kilianza kujikunja kikakataa kukunjuka, mpaka nikivute kwa mkono wa pili, nacho kikafunguka kwa kishindo kidogo nilichokisikia mpaka kwenye kiwiko. Ngozi ya nyuma ya viganja ikawa ngumu, inang'aa, hainyanyuki ukiifinya. Nikisujudu, kiganja hakikulala tena juu ya mswala. Kilisimama katikati, kimeinuka kama kisahani kilichofunikwa, na nilijua wanawake wa safu ya nyuma yangu wanaona.

Miaka mingi baadaye daktari mmoja kijana alinitaka nikutanishe viganja vyangu mbele ya kifua. Akaona mwanga unapita katikati ya vidole visivyoweza kugusana. Akanieleza kwamba sukari ya muda mrefu hukaza ngozi na kano za mikono, hukunja vidole, hugandisha mabega, na kwamba watu wa sindano tangu utotoni ndio hasa hupatwa. Alinieleza kwa upole sana. Nilimwambia kwamba ningeifurahia habari hiyo wakati ule, maana wakati ule kila mtu alikuwa na yake.

Shangazi alikuwa wa kwanza. "Ni hasadi," akasema. "Umepaka maharusi wangapi na wewe mwenyewe hujaolewa? Jicho lako limekurudia."

Alimleta mkandaji, mwanamke mwenye vidole vya chuma, ambaye alinilaza ubavu, akaushika mkono wangu na kuuvuta kwenda juu kwa nguvu zake zote. Niliuma upindo wa leso mpaka nikaonja uzi. Aliporudi siku ya pili nilimngoja mlangoni.

"Ahsante, mama," nikamwambia. "Rudi nyumbani. Bega ni langu."

Alikwenda kwa shangazi moja kwa moja, na shangazi akaja kabla ya adhuhuri.

"Wamfukuza mtu niliyemleta mimi?"

"Nimemfukuza, shangazi. Nawe karibu chai."

Hakunywa.

Hospitalini daktari wa Kizungu aliniambia niinue mkono. Niliuinua mpaka ulipogoma. Akaushika mwenyewe akaujaribu, akaona hausogei hata kwa nguvu zake. Wakanipiga picha ya mifupa, na mifupa ikaonekana mizima. Akaufunga mkono wangu kifuani kwa kitambaa cha pembe tatu, akasema niuache hivyo wiki sita. Nilikuwa mtiifu kwa wiki sita, na sitaji utii wangu mara nyingi kwa hivyo niuandike. Kitambaa kilipofunguliwa, hata kile kidogo nilichokuwa nikiweza kilikuwa kimepotea. Sikuweza kufika kichwani kuchana nywele. Sikuweza kufika mgongoni.

"Anasema kazi ya mikono basi," mkalimani akaniambia. "Utafute kazi nyingine."

"Muulize, kazi gani isiyotaka mikono?"

Mkalimani hakuuliza. Nikarudia. Akatazama pembeni. Nikarudia mara ya tatu, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mabenchi ya nje, ndipo akamtafsiria. Daktari aliangalia karatasi zake kwa muda, kisha akaita mgonjwa mwingine.

Kile kitambaa kilikuwa pamba nzuri. Nilikifua, nikakitumia kuchekechea hina.

Jambo la kwanza mkono wa kushoto ulijifunza lilikuwa sindano. Mama alitaka anipige yeye, na nilimkatalia. Tangu nilipokuwa na miaka kumi na minne nilijipiga mwenyewe, na niliona nikimpa mama bomba lile, siku moja nitampa na kijiko, na siku nyingine nitampa maisha yangu yote ayashike. Bomba la kioo lililolowa huteleza. Nilivunja moja, mama akaokota vipande vyake. Nililishika la pili kati ya vidole viwili vya kushoto nikiwa nimelaza chupa juu ya godoro lisibingirike, na kwa siku kama kumi mapaja yangu yalikuwa na madoa ya buluu kila mahali. Kisha mkono ukajua.

Kula ndiko kulikoleta vita. Nyumbani nilikula kwa mkono wa kushoto na mama akageuza uso. Lakini jirani yetu alimwoza bintiye, na siku ya karamu tulialikwa chakula cha mchana. Mlangoni mama alinishika kiwiko.

"Wewe utakula jikoni na wapishi," akaninong'oneza. "Nimekwisha kuwaambia. Watakupakulia sahani yako."

"Kwani nina upele?"

"Mwanangu, watu watasema."

"Wanasema toka nina miaka kumi na miwili, mama. Hawajachoka bado."

Nilikuwa nimejipiga sindano kabla ya kutoka nyumbani, na mtu aliyejipiga sindano hana nafasi ya kubishana na chakula. Nikaingia, nikanawa kwa sabuni mara tatu, nikakaa mkekani penye sinia la pilau pamoja na wanawake wanne. Nikasema bismillahi, nikatia mkono wa kushoto upande wangu.

Mwanamke aliyekaa mbele yangu, mke wa mwenye duka la vyombo, aliusimamisha mkono wake hewani.

"Dada, mkono gani huo?"

"Ndio ulio hai," nikasema. "Wa kuume umelala tangu kabla ya Ramadhani."

"Mkono wa kutawazia hauingii siniani."

"Nimeuosha kwa sabuni mara tatu, bibi. Wewe umenawa kwa maji mara moja, na mimi nakula nawe."

Akasimama. Wa ubavuni mwake akasimama naye. Wa tatu alingoja kidogo, kisha akajifanya ameitwa. Wakati ule vidole vyangu vilikuwa vimeanza kutetemeka kwa njaa ya sindano, na jasho linanitoka chini ya buibui, lakini nilitia tonge mdomoni na nikatafuna polepole, maana nilijua chumba kizima kinatazama jinsi ninavyotafuna. Aliyebaki alikuwa bibi mmoja mnene nisiyemjua, mgeni kutoka Kisauni. Aliendelea kula kama hakuna kilichotokea. Baadaye akasukuma pande la nyama upande wangu.

"Wamekwenda na njaa yao," akasema. "Kula, mwanangu. Unakuwa mweupe."

Mama hakusema nami siku mbili. Siku ya tatu, akiosha mchele, alisema bila kugeuka, "Umeniaibisha mbele ya watu."

"Nilikuwa natetemeka, mama. Ungependa nianguke juu ya pilau yao?"

Alilia, naye hakuwa mtu wa kulia. Nilisimama pale jikoni nikiwa sijui kama nimshike au nimwache. Sitasema kwamba sikuona haya kwa ajili yake. Niliona. Lakini jikoni kwa wapishi sikwenda, si mara ile wala mara nyingine yoyote.

Hina niliijaribu mwishoni, kwa sababu ndiyo niliyoiogopa. Nilichukua karatasi za kaki walizofungia leso katika yale maduka ya mtaa unaoitwa leo Biashara, nikazitandaza sakafuni, nikachora. Mkono wa kushoto ulichora kila kitu kinyume. Ua nililolijua likiinamia kulia liliinamia kushoto, majani yakawa na vichwa vikubwa, mistari ikatetemeka. Nilizichana zote. Kesho yake nikaanza tena. Nikajaribu juu ya mkono wangu mwenyewe wa kuume, lakini ule haukulala sawa, na mstari ulioanza kiganjani ulifika kwenye kidole umepotea njia.

Hii iliendelea kwa wiki kadhaa. Mama alikuwa akipita na ufagio, akiruka karatasi zangu bila kuzitazama. Siku moja akaweka ufagio ukutani, akakaa chini, akanyoosha mkono.

"Karatasi haina mifupa," akasema. "Nipake mimi."

Yeyote aliyelelewa Mji wa Kale ataelewa maana yake. Mama alikuwa mjane. Eda yake ilikuwa imekwisha miaka, lakini mjane wa umri wake hakuonekana na maua ya hina mikononi ila ametaka kusemwa. Nikampaka. Yalitoka mabaya, yamejaa matone, na ua moja lilifanana na buibui mdudu. Aliyaangalia kwa muda mrefu.

"Bibi yako angenipiga," akasema. Kisha akavaa, akaenda kuzuru wagonjwa nyumba mbili za jirani, na nikasikia kwamba alipoulizwa alinyoosha mikono yote miwili juu ya mapaja yake na kusema, "Mwanangu anajifunza."

Kila maua yalipofifia nilimpaka mengine. Katika miezi minne hivi, mikono ya mama ikawa inasimamishwa njiani na watu wanaotaka kuitazama.

Ndipo ikaja ile arusi ya Makadara. Walikuwa wameniomba tangu zamani, kabla bega halijashikana, na sikuwa na nia ya kujitoa. Wiki moja kabla, bibi yake biharusi alikuja nyumbani baada ya alasiri. Alikuwa mwanamke mfupi, safi, ambaye mwenyewe alipakwa na bibi yangu alipoolewa.

"Masalkheri, mwanangu."

"Masalkheri, bibi. Karibu, keti."

Akaketi, akanywa kahawa, akauliza habari za kila mtu aliye hai na akawarehemu waliokufa. Kisha akasema, "Nimesikia."

"Umesikia kweli."

"Sina ubaya nawe. Bibi yako alikuwa mtu wangu. Lakini mjukuu wangu aolewa, na kushoto ni kushoto. Ni nuksi kumwanza biharusi kwa mkono huo."

Nikamwita mama. Mama akatoka ndani akaketi, akanyoosha mikono. Nilimwambia yule bibi kwamba mkono mmoja wa mama niliupaka kwa kushoto na mwingine ulipakwa kwa kuume na fundi mwingine, achague. Ulikuwa uongo, yote miwili ilikuwa ya kushoto. Aliinama, akatazama, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Siwezi kujua," akasema hatimaye. Alikuwa mkweli, nampa haki yake. "Lakini nimeambiwa, na sasa najua."

"Basi biharusi mwenyewe aniambie hanitaki."

"Biharusi hasemi."

"Basi nitakuja, anyamaze mbele yangu."

Mama alinikanyaga mguu. Bibi akamaliza kahawa yake akaondoka, hakusema nije wala nisije.

Nilikwenda. Nilibeba bakuli la hina nililokoroga tangu jana yake, nikatoka baada ya kuswali adhuhuri. Nilipoingia chumbani nilimkuta fundi mwingine, mwanamke wa Kibokoni, amekwisha kukaa na bakuli lake. Biharusi alikuwa kitandani amefunikwa leso, na wanawake kama kumi wakageuka wote kwa pamoja. Nikasalimia. Nikasema, "Nimekuja kwa ahadi yangu. Mwenyewe akinikataa, nitaondoka."

Bibi alikuwa amesimama karibu na dirisha. Kisha chini ya leso ikatoka sauti ndogo, ya msichana wa miaka kumi na saba.

"Mikono apake huyu mwingine. Miguu apake yeye."

Nilikuwa nimejitayarisha kukubaliwa na nilikuwa nimejitayarisha kufukuzwa. Kugawanywa sikukufikiri. Ningeweza kugeuka nikaenda, na njia nzima ningejisifu. Lakini nilitazama nyayo zile mbili zilizotokeza chini ya leso, na nikaona kwamba msichana yule, aliyekatazwa kusema, alikuwa amesema, na kwamba hiki ndicho alichoweza kuninyakulia. Nikakaa miguuni.

Mkono wa kuume, hata ukiwa mgonjwa, ulifaa kushika kisigino kisicheze. Wa kushoto ukachora. Yule fundi wa Kibokoni alimaliza mapema akaletewa chai. Mimi nilikuwa bado kwenye kidole gumba cha mguu wa pili ilipoadhiniwa alasiri. Shingo ilikuwa inawaka moto. Nilipokuwa karibu kumaliza biharusi alichezesha vidole kidogo, nikampiga kofi la wayo kama bibi yangu alivyokuwa akifanya, na nikasikia anacheka chini ya leso.

Asubuhi ya arusi nilikwenda kama kila mgeni. Mikono ya biharusi ilikuwa rangi ya chungwa bichi, kwa kuwa yule mwenzangu aliharakisha na hina yake haikulala. Miguu ilikuwa imeiva, myekundu ya kukaribia weusi. Bibi alimwambia kila aliyeuliza kwamba ni majani ya hina ndiyo yaliyotofautiana. Hakutaja mkono wa mtu. Nilikunywa chai yangu isiyo na sukari, nikanyamaza, na kunyamaza kule kulikuwa kutamu.

Ndoa ile haikumaliza mwaka. Mume alikuwa na mke mwingine Malindi ambaye hakumtaja kwa yeyote. Lakini msichana aliporudishwa kwao, lawama haikwenda Malindi, ilikuja kwangu. Shangazi zake walisema ni ule mkono wa kushoto. Nyumba tatu zilizokuwa zimeniomba zikatuma salamu kwamba wamepata fundi mwingine. Nikaenda kwa kila moja kuwapongeza, nikakaa mpaka wakanipa kahawa.

Baadaye nikasikia yule msichana anaposwa tena, na mwanamke aliyekuja kuniita alikuwa ni yeye mwenyewe, amejifunika buibui, amekuja kwa miguu yake.

"Safari hii mikono na miguu," akasema.

"Na bibi yako?"

"Bibi nimemwambia mara ya kwanza mikono ilipakwa kwa kuume, na aone ilivyokuwa."

Niliipaka yote minne, mikono na miguu. Bibi alikaa kwenye kiti pembeni tangu mwanzo hadi mwisho. Nilipokuwa nakusanya vitu vyangu aliniletea maji ya kunawa mwenyewe, akanimiminia. Nilinyoosha wa kushoto kwanza. Akaumiminia.

Wakati huo bega lilikuwa limeanza kufunguka lenyewe, bila mtu kulifanyia chochote. Mwezi mmoja nilifika kwenye sikio, nikaweza kunyanyua mikono yote miwili kwa takbira. Mwezi mwingine nilichana nywele za nyuma. Ilichukua miaka miwili na kitu, na sehemu ndogo ya mwisho haikurudi kamwe. Shangazi alisema ni yule mkandaji wake, alikuwa amelegeza kitu. Watu wakaniambia sasa nirudi kwa mkono wa kuume, alhamdulillahi, mambo yamekwisha. Nilijaribu. Vidole vya kuume vilikuwa bado vimekunjamana, na njiti iliniponyoka. Wa kushoto haukuwa na shida. Nikabaki kushoto, na aliyeuliza kwa nini nilimwambia ndio ulionilisha wakati ule mwingine ulipolala.

Kisha, mwisho wa mwaka ule, nikiwa napepeta majani ya hina, nikahisi maumivu ndani kabisa ya bega la kushoto. Nililijua. Nikaweka ungo chini, nikakaa, nikalisikiliza. Mama aliniona uso akaelewa bila kuambiwa.

"Tena?"

"Tena."

"Twende hospitali."

"Wafunge na huu? Hapana, mama. Najua njia yake yote. Utaniuma, kisha utashikana, kisha utafunguka."

Sikuufunga. Kila siku niliutembeza kidogo ukutani, vidole vikipanda taratibu, na nilisimama pale ulipotaka kusimama. Kazi sikuiacha. Mkono mmoja ulikuwa na bega na hauna vidole, mwingine ulikuwa na vidole na hauna bega. Nilichohitaji ni kuegemeza kiwiko juu ya goti, na biharusi alale juu, nami nikae chini kwenye kigoda, kitanda kikiwa karibu kabisa na kifua changu.

Nyumba ya kwanza niliyokwenda hivyo ilikuwa huko huko Mji wa Kale. Waliniona nimekaa chini, nimejipachika mto chini ya kiwiko, mikono yote miwili imepinda kwa namna yake. Mama wa biharusi alinitazama, akawatazama wenzake.

"Fundi," akasema kwa heshima, "utaweza kweli? Wewe huwezi hata kufika kitandani."

"Sogezeni kitanda," nikawaambia.

Wakakitazama. Kilikuwa kitanda kizito cha msaji. Kisha wanawake wanne wakainama, wakakishika miguu, wakakileta mpaka kwangu.